Kila Jicho na Mamba-Muntu Wake

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mgeni aliyekaribishwa katika nyumba ya mfanyakazi wa migodi huko Likasi, Lubumbashi au Kolwezi, alipokwisha kupewa kiti na kuinua macho, mara nyingi alimwona bibi mmoja akimtazama kutoka ukutani. Bibi huyo hakuwa mama wa nyumba, wala shangazi, wala jamaa wa mtu yeyote. Uso wake ulikuwa mzuri, ngozi yake nyeupe, nywele zake ndefu zimeanguka mabegani. Pengine alivaa saa mkononi na mkufu shingoni, kama mtu wa mjini aliyejaliwa. Lakini kutoka kiunoni kushuka chini hakuwa na miguu, bali mkia wa samaki. Tena nyoka alimzunguka mwilini pasipo kumtisha. Jina lake Mamba-Muntu, yaani mtu aliye mamba, na makao yake ni ndani ya maji.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki habari hizi ili kuwafundisha watu kumcha mwanamke wa majini. Tunataka kuchungua jambo jingine, lililo karibu sana na maisha ya jamaa zetu. Kwa nini picha moja, hadithi moja, au sinema moja, huzaa maana kumi katika vichwa vya watu kumi? Na je, kila maana ni njema kwa kuwa tu ni yangu mimi niliyeiona?

Picha ya ukumbusho

Picha zile zilichorwa na vijana wa mjini, ambao wengi wao hawakupita katika chuo chochote cha sanaa. Kwa kuwa kitambaa cha wachoraji kilikuwa ghali, walitumia kitambaa cha magunia ya unga, wakakivuta juu ya fremu ya mbao, wakakipaka rangi. Kisha waliuza kazi zao kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aliweza kuilipa. Wataalamu wawili, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliokaa miaka hiyo katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, walizichunguza picha hizo, na mwaka 1976 walitoa makala juu yake. Walikuta kwamba wachoraji na wanunuzi walikuwa na neno lao la Kiswahili la kueleza kazi ya picha. Neno hilo ni ukumbusho.

Yafaa tulitafakari neno hilo kidogo. Picha haikutundikwa ili kupamba ukuta tu. Ilitundikwa ili imkumbushe mtu jambo fulani, naye akiisha kukumbuka, aseme. Mwenye nyumba akitoka kwenda kuleta maji ya kunywa, mgeni alibaki na picha. Aliporudi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kupata mahali pa kuanzia.

Hadithi ya Mamba-Muntu, kama isimuliwavyo Katanga, ni fupi. Mtu apitaye kando ya maji huokota kitu chake, labda unywele mmoja. Usiku bibi yule humjia katika ndoto, akidai mali yake. Hapo ndipo mapatano hufanyika: bibi atampa utajiri, naye mtu atatunza siri. Wengine huongeza kwamba bei ya utajiri huo si siri tu, bali ni uhai wa mmoja wa jamaa.

Wala tusidhani kwamba sura ya namna hii ilitoka katika mito ya Katanga peke yake. Wachunguzi wa sanaa wameonyesha kwamba ndugu yake wa Afrika ya Magharibi, aitwaye Mami Wata, alipata sehemu kubwa ya sura yake katika picha iliyochapwa mjini Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Picha hiyo ilimwonyesha mwanamke mcheza na nyoka. Waliompiga chapa walikuwa na haja ya kuvuta watazamaji. Watu wa pwani za Afrika wakaona ndani yake bibi wa majini. Basi hata kabla ya kufika ukutani, picha ile ilikuwa imekwisha kufasiriwa upya na macho mageni!

Watu wanne mbele ya picha moja

Sasa tuwaketishe watu wanne mbele ya Mamba-Muntu, tuwasikilize kwa makini.

Wa kwanza ni mfanyakazi wa kiwanda cha Shituru, pale Likasi, ambapo shaba imesafishwa kwa nguvu za umeme tangu mwaka 1929. Yeye atasema: “Utajiri wa nchi yetu nao hukaa chini, mahali pasipoonekana. Wagawaji wake hatuwajui, na masharti yao hatukuulizwa. Bibi huyu namfahamu. Nimemtumikia miaka ishirini.”

Wa pili ni mke wake. Yeye haoni migodi hata kidogo. Anaona nywele zile zilizochanwa vizuri, na saa ile, na mkufu ule, kisha anasema polepole: “Huyu ndiye alaye mshahara kabla haujafika nyumbani.”

Wa tatu ni mzee aliyekuja kutoka kijijini kumtembelea mwanawe. Kinachomhuzunisha yeye ni ile siri. “Mali ambayo huwezi kusema imetoka wapi,” asema, “huwezi kuila pamoja na ndugu zako. Mtu huyu amepata nyumba, amepoteza ukoo.”

Wa nne ni mwanafunzi wa sekondari. Yeye anatazama kiungo kile ambapo ngozi ya mtu hukoma na magamba huanza. Asema: “Nusu yake ni ya nchi kavu na nusu ya majini. Mimi nami ni hivyo. Nikienda kijijini wananiita mtu wa mjini. Nikirudi mjini wananicheka kwa maneno ya kijijini.”

Nani kati yao amekosea? Tukisema kweli, hata mmoja hakukosea. Kila mmoja alikuta katika picha kitu kilichomo kweli: maji yenye kuficha, mapambo, siri, mkia. Wala mchoraji hangeweza kuwakataza. Hadithi ni kama kigingi kilichopigiliwa ukutani. Fundi alikipiga mara moja, lakini kila aingiaye hutundika vazi lake mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima ya hadithi njema: yampa hata mtu asiyezoea kusema maneno ya kujieleza.

Maana inayosema yasiyosemeka

Pamoja na Mamba-Muntu, wachoraji wale waliuza picha nyingine iliyopendwa sana, yenye jina la Kifaransa, Colonie belge, yaani Koloni la Wabelgiji. Ndani yake mna ua wa gereza; mfungwa amelazwa chini akipigwa fimbo na askari mweusi, na bwana Mbelgiji amesimama akitazama. Mmoja wa waliochora sura hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 mtu huyo alichora historia yote ya nchi yake katika picha karibu 100, akazieleza kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, na mazungumzo yao yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1996. Alijihesabu kuwa si mchoraji tu, bali mwandishi wa historia.

Swali ni hili: kwa nini watu waliokuwa huru tangu tarehe 30 Juni 1960 walitaka kutundika sebuleni picha ya fimbo ya zamani? Jibu lilijulikana na kila mtu, ingawa halikutamkwa. Chini ya utawala wa Mobutu, ulioanza mwaka 1965, magereza hayakufungwa, wala fimbo hazikuwekwa chini. Mtazamaji aliona ua ule, akatikisa kichwa, akasema, “Ndivyo ilivyokuwa zamani.” Na wenzake walifahamu kwamba hasemi habari za zamani peke yake. Kumbe kufasiri si mchezo wa watu wasio na kazi. Pengine ni njia iliyobaki kwa mtu aliyezibwa kinywa.

Mwana wa mwizi

Tuvuke sasa hadi Unguja. Katika miaka ya 1950 hapakuwa na sinema iliyopendwa pale kuliko Awaara, iliyotengenezwa Uhindi mwaka 1951 na Raj Kapoor, ambaye mwenyewe aliigiza kijana mkuu pamoja na bibi Nargis. Habari yake ni ya hakimu mmoja aliyeshikilia kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mwana wa mtu mwema huwa mwema. Mkewe akatekwa na mhalifu, akarudi; hakimu akamshuku, akamfukuza hali ana mimba. Mtoto alizaliwa katika umaskini, akalelewa katika njia za wezi. Mwishowe hakimu akakutana mahakamani na mshitakiwa ambaye ni mwana wake mwenyewe.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyewauliza wazee wa Unguja habari za sinema zile, aeleza kwamba watu hawakuiacha Awaara pale ukumbini. Waliibeba hadi nyumbani, wakaijadili kama kesi ya jirani: habari za mapenzi, za ndoa, za amri ya wazazi. Si vigumu kuona kwa nini. Kijana aliweza kushika upendo wa watu wawili, akauacha mzigo uliobaki. Mama aliyewahi kushukiwa bure alimtazama yule mke mlangoni, usiku, hana pa kwenda. Na baba mwenye majivuno, kama alikuwa na masikio, alisikia hukumu yake mwenyewe ikisomwa katika lugha ambayo wengi ukumbini hawakuijua ila kwa nyimbo.

Kofia ya kauboi

Lakini habari hizi zina upande mwingine, wala haifai tuufiche.

Katika miji ya migodi iliyo ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu walipenda sana sinema za makauboi, yaani wachunga ng'ombe wa Marekani wenye farasi na bastola. Hortense Powdermaker, mtaalamu kutoka Marekani aliyekaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, aliandika kwamba watazamaji walimwita kila shujaa wa sinema hizo kwa jina moja tu, Jack. Hawakuhitaji kujua jina alilopewa na watengenezaji. Mtu yule alikuwa wao.

Huko Kinshasa, wakati ilipokuwa ingali ikiitwa Léopoldville, vijana walikwenda mbali zaidi. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa mavazi ya kikauboi, wakabuni lugha yao wenyewe iliyoitwa Hindubill, wakagawana mitaa kana kwamba ni nchi za Marekani. Walichokiona katika kauboi ni hiki: mwanamume asiyeinamia mtu. Kwa kijana wa koloni, aliyeitwa “boyi” hata akiota ndevu, hilo lilikuwa neno tamu. Hapana shaka katika maana ile mlikuwa na haki. Ila wengine walitoa katika sinema zile zile sheria nyingine, kwamba mwenye nguvu hutwaa. Walilinda wasichana wa mtaa wao, na wale wa mitaa mingine waliwaumiza vibaya.

Padre mmoja Mbelgiji wa shirika la Scheut, Joseph de Laet, hakuwaendea vijana hao kwa kuwakataza sinema. Alikwenda kukaa kati yao, akazungumza nao kwa maneno yao, hata wakamwita “Père Buffalo”, Padre Buffalo. Alitambua kwamba yule kauboi ana nyuso mbili, mlinzi na mnyang'anyi, na kwamba kazi ya mlezi ni kumsaidia kijana achague uso ulio mwema. Kofia ni ile ile. Kichwa kilicho chini yake ndicho chenye kazi ya kuchagua.

Hadithi inapomwangukia jirani

Turudi Likasi, mji ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966. Kampuni ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, ilidhoofika vibaya katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi katika miji ya Katanga walishika sepetu na nyundo, wakawa wachimbaji wa kujitegemea. Kazi hiyo haina mizani ya haki: mmoja hukuta madini mazuri kwa siku moja, mwingine huchimba mwaka mzima akipata vumbi la kumtia kikohozi.

Hapo ndipo ulimi hupata hatari yake. Mtu amenunua pikipiki, kisha gari. Jirani auliza: “Amezipata wapi?” Mwingine aongeza: “Je, yule mtoto wake alikufa mwezi gani?” Hakuna aliyesema lolote lenye ushahidi, lakini hadithi ya bibi wa majini imekwisha kushuka kutoka ukutani, imeingia katika ua wa mtu. Mama aliyezika mwanawe kwa malaria huonekana kuwa mke wa mwuaji. Katika miji mingi ya Kongo mambo yamefika mbali kuliko hapo: watoto, hasa yatima na wale wanaolelewa na mama wa kambo, wamesingiziwa uchawi, wamepigwa, wamefukuzwa kwenda kulala sokoni. Ubaya huo ulienea hata serikali ikautaja katika sheria ya ulinzi wa mtoto, Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kuadhibu mtu amsingiziaye mtoto uchawi.

Tazameni tofauti. Wale watu wanne wa kwanza waliitumia hadithi ili waseme habari za maisha yao wenyewe: kazi yangu, ndoa yangu, ukoo wangu, kujitafuta kwangu. Huyu wa mwisho ameitumia kuhukumu maisha ya mwingine. Wale walijitazama katika kioo. Huyu amekivunja kioo ili apate kipande cha kumkata jirani.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio wazi, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani alimsimulia mfalme Daudi hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Daudi alikuwa msikilizaji hodari: alimhurumia maskini, alimkasirikia tajiri, akatamka hukumu ya kifo papo hapo. Yote aliyoyafasiri yalikuwa sawa, isipokuwa moja tu. Alidhani hadithi yahusu mtu mwingine. Nathani hakuwa na haja ya kumweleza hadithi upya. Alimwonyesha tu kwamba tajiri yule ni yeye mfalme.

Maswali matatu

Basi wazazi na walimu wafanye nini? Wengine hupenda kuwapa watoto maana moja iliyokwisha kupikwa, na mtoto mwenye maana nyingine huambiwa anyamaze. Njia hiyo huzaa wanafunzi wenye kukariri na kichwa kitupu. Wengine huacha kila mtu aseme apendavyo, wakiita huo ndio uhuru. Njia hii nayo huzaa watu ambao hawajui tena kutofautisha hadithi na ushahidi. Afadhali tuwazoeze vijana kujiuliza maswali matatu.

La kwanza: Jambo nililoliona limo kweli katika hadithi? Mtoto akisema Kalulu ni shujaa, kwa kuwa yeye mdogo huwashinda wakubwa, mwulize ni mahali gani. Mwenzake akisema Kalulu ni mwizi, maana hula shamba asilolima, mwulize vilevile. Yawezekana wote wawili wataonyesha mahali pao. Basi wamejifunza kwamba mhusika mmoja aweza kubeba mambo mawili, kama sisi tulivyo. Asiyeweza kuonyesha mahali popote, ajue kwamba amejisikiliza mwenyewe tu, hadithi hakuisikia bado.

La pili: Hadithi hii yanihusu mimi kwa njia gani? Aanze na nafsi yake kabla ya kutafuta jina la jirani. Mtu aliyejiona katika yule hakimu wa Awaara atakuwa mpole zaidi kwa mkewe jioni ile. Mtu aliyemwona shemeji yake tu, amelipa kiingilio bure.

La tatu: Maana yangu yazaa nini? Ikiwa yanipa ujasiri wa kusema kweli, kumlinda mnyonge, kurudisha mshahara nyumbani, kumrudia mzee wangu kijijini, ni maana yenye uhai. Ikiwa yanifundisha kumshuku mtu asiye na kosa, au kumpiga mtoto asiye na mtetezi, yafaa niitupe, hata kama ni tamu, na hata kama mtaa mzima wanaisema.

Zoezi hili si gumu, wala halihitaji vitabu vingi. Jumapili jioni, baada ya chakula, jamaa wachague hadithi moja, ya bibi, ya kitabu au ya sinema. Wadogo waseme kwanza waliyoyaona, kila mmoja aonyeshe mahali pake, na baba na mama waseme mwisho, maana mkubwa akitangulia, watoto hurudia maneno yake tu. Msishangae mkisikia kutoka kwa mtoto wa miaka tisa jambo ambalo hamkuliona miaka yote. Na siku ile jirani atakapofanikiwa kuliko ninyi, watoto hao watajua kwamba habari zake huulizwa kwake mwenyewe, kwa hodi na salamu, wala si kwa picha iliyo ukutani.